Nchi ya Wapandisha Mabega

Nchi ninayotaka kuieleza haimo kwenye ramani iliyobandikwa darasani kwetu, na mtu akinibishia kwamba haipo sitagombana naye. Nitasema niliyoyaona na kuyasikia, na pale nisipoelewa nitasema sikuelewa.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Kiingereza nilianza kujifunza wajukuu walipoanza kunipita, katika darasa la jioni la watu wazima nyuma ya kanisa letu. Jioni moja Mwalimu Semboja aliandika ubaoni kitenzi kimoja, shrug, akatugeukia, akapandisha mabega hadi karibu na masikio, kisha akayashusha.

"Hicho ndicho kitenzi," alisema baadaye. "Mtu hufanya hivyo kuonyesha kwamba hajui, au hajali, au jambo halimhusu."

Niliinua mkono. "Mwalimu, mtu akinifanyia hivyo, nitajuaje ni lipi kati ya hayo matatu?"

"Utamwangalia usoni, Mama Namsifu."

"Na kama usoni hamna kitu?"

Darasa lilicheka, na mwalimu mwenyewe akapandisha mabega. Lakini mimi lile swali lilinikaa. Mtu asiyejua anaweza kufundishwa. Asiyejali anahitaji kuombewa. Sikuona sababu ya kuwapa wote wawili ishara moja. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti nikamwomba Mungu anionyeshe tofauti yao. Jibu lilikuja kwa namna nisiyoitegemea, maana nilijikuta nimesimama kwenye mpaka wa nchi ngeni, mkoba mkononi, na askari wa mpaka ananitazama.

"Habari za hapa, baba?" nilimsalimu.

Akapandisha mabega.

Nikadhani hakusikia. "Hamjambo huku?"

Akapandisha tena, juu zaidi. Nikajaribu "shikamoo" ingawa tulikaribiana umri, na hapo akachangamka. "Marahaba, mama, marahaba sana." Nilikuja kuelewa kwamba shikamoo ndiyo salamu pekee iliyosalimika katika nchi ile, kwa sababu si swali.

"Sasa nakusomea sheria," alisema. "Nakusomea tu, hujaniuliza na mimi sijakujibu. Sheria ya Mwenye Jibu inasema hivi: atakayejibu swali kwa mdomo, jambo lililoulizwa ni lake mpaka liishe. Mgeni naye yumo. Mgeni akijibu, haondoki nchini mpaka jambo lake liishe."

"Na lisipoisha?"

Akapandisha mabega, akanifungulia lango.

Nilipanga chumba kwa Bi Sikitu, mama mnene mwenye maneno mengi. Katika nchi ile watu huongea sana ilimradi hawajaulizwa, na wamekuwa mafundi wa kusema kitu pembeni ya swali. Nilipomuuliza choo kiko wapi alipandisha mabega, kisha akauambia ukuta: "Mimi kama ningekuwa mgeni, ningezunguka nyuma ya lile banda la kuku." Usiku huohuo aliuambia ukuta asili ya sheria yao. Zamani watu wa pale walijibu kila kitu. Ukiuliza njia ya mtoni, unaelekezwa na mtu ambaye hajawahi kufika mtoni. Ukiuliza dawa ya kikohozi, unapewa dawa saba na majirani saba. Ndipo Baraza likatunga sheria ili kila mtu abebe jibu lake.

"Tulitaka watu waseme wanachokijua tu," Bi Sikitu aliuambia ukuta. "Sheria nzuri kabisa. Iliponyamazisha waongo, wasema kweli nao wakaona heri wakae kimya."

Nilitembea kuiona nchi. Sokoni muuza mchele hasemi bei. Mnunuzi hutaja bei mwenyewe, na muuzaji huangalia angani mpaka itajwe inayompendeza. Hospitalini mgonjwa aliuliza, "Daktari, nitapona?" na daktari, muuguzi na mfagizi wakapandisha mabega kwa pamoja, kwa adabu kubwa. Kwenye harusi bwana na bibi waliulizwa kama wanakubaliana, wakapandisha, na vigelegele vikapigwa.

Shule niliyoitembelea ilikuwa safi, na watoto wake wanyamavu. Mwalimu aliwapanga mstari, akawauliza mbili na mbili ni ngapi. Aliyepandisha mabega sawasawa bila kukunja uso alipata alama zote. Binti mmoja aliyesema "nne" alipewa hesabu za nchi nzima azifanye mpaka ziishe. Nilimkuta kwenye ukumbi peke yake, anaandika, mdomo umefungwa.

Maofisa hutambulikana kwa makoti. Karani huwekewa sponji nyembamba mabegani, mkurugenzi huwekewa nene. Mimi kama mshonaji niliyakagua na kukiri kwamba kazi ya mshono ilikuwa bora. Mkuu wa Baraza, Mheshimiwa Utulivu, alikuwa na koti lenye mabega mazito kiasi kwamba hakuweza kuyainua mwenyewe. Nyuma yake alisimama ofisa aitwaye Mpandishaji, mwenye mshahara na nyumba ya serikali, ambaye kazi yake ilikuwa kuyashika mabega ya koti na kuyanyanyua kila Mkuu alipoulizwa jambo.

Yote hayo niliweza kuyacheka. Kicheko kiliniisha Jumapili, nilipokwenda kuabudu. Mchungaji aliomba vizuri, akaomba mvua, akaombea wagonjwa na wafungwa. Alipomaliza, kanisa zima likapandisha mabega. Waliomaliza kumwomba Mungu walimwambia Mungu kwamba wao hawamo.

Sikuvumilia. Nilisema "Amina" kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si ndogo.

Watu walinigeukia. Amina haikuwa jibu la swali la mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunishtaki. Lakini tulipotoka, mwanamke mmoja kijana alinifuata hadi barabarani. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kuvimba, na nguo yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Tunu. Nimekusikia unasema kwa mdomo. Naomba unisikilize, sikuulizi kitu."

Tukakaa chini ya ukuta wa kanisa akanieleza. Mume wake, Shime, ni mchimbaji katika shimo la chokaa lililoko mwisho wa mji. Shimo lilikuwa limeporomoka. Ofisi ya machimbo ilipouliza kama kuna mtu aliyefukiwa, wote waliokuwa karibu walipandisha mabega. Tunu peke yake alisema, "Mume wangu yumo." Tangu hapo jambo likawa lake. Alipewa haki ya kuchimba, akaachwa achimbe.

"Mdomo mmoja ni jambo la mtu," alisema. "Midomo miwili ni jambo la mji. Akipatikana wa pili wa kusema kuna mtu ndani, ofisi inalazimika kutoa watu na sepetu na magogo ya kuegemeza. Nimezunguka nyumba zote, mama. Wananipandishia. Wengine wanalia huku wanapandisha."

"Na wasipopatikana?"

Alisita, kwa sababu lile lilikuwa swali. Kisha akasema kama mtu anayejisemea: "Kesho Baraza litauliza kwa mara ya mwisho. Wakipandisha wote, maana yake hakuna mtu. Mabega ya wote huhesabiwa kuwa 'hakuna'. Mdomo wa shimo utamwagiwa zege, ili mbuzi wasitumbukie."

Nilimwonea huruma, lakini huruma si ushahidi. Nilimwambia sitasema kwamba kuna mtu mpaka mimi mwenyewe nisikie. Tunu hakukasirika. Alisimama akaniongoza.

Shimoni tulikuta kokoto na mchanga vimeshamwagwa, na mafundi wa zege wamekaa kivulini wanasubiri kesho. Msimamizi wao, jamaa mwembamba aitwaye Kibanga, alimwona Tunu akawaambia wenzake kwa sauti ya kusikika: "Leo kachimba pungufu kuliko jana. Hajatuuliza, tunasema tu. Nawaambia, huyu mume akitoka humo atamkuta mke ana mikono kama ya baba yake."

Wenzake wakacheka. Tunu alichukua jembe lake akaendelea. Alikuwa amefukua shimo jembamba kama la fisi, na udongo aliutoa kwa beseni la kufulia. Niliingia kwa magoti, nikaweka sikio kwenye jiwe. Nilisikia pumzi zangu tu. Niliomba: Bwana, nisisikie kisichokuwepo, na kilichopo nisikikose. Nikakaa hapo kwa muda mrefu hadi shingo ikaniuma.

Ndipo nikasikia. Jiwe juu ya jiwe. Likagonga, likanyamaza, likagonga tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika kama ina wenyewe.

Nilitoa kichwa nje na macho yangu yakakutana na ya Kibanga. Alikuwa amesogea hadi karibu na sisi. Jiwe lile lilitoa mlio mmoja tena, mdogo, na nikaona mabega yake yanapanda. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Mwalimu Semboja alitupa maana tatu za kitenzi kile. Pale shimoni niliiona ya nne, ambayo sidhani kama imo katika kamusi: mtu hupandisha mabega kwa sababu anajua.

Baraza lilikaa asubuhi. Ukumbi ulijaa, lakini shimo halikuwa la kwanza katika shughuli. La kwanza lilikuwa suala la viganja. Mjumbe mmoja alitaka iwe marufuku kufungua viganja wakati wa kupandisha mabega.

"Waheshimiwa, mabega yanatosha," alisema. "Mtu akifungua viganja anaonyesha kwamba mikono yake haina kitu. Hiyo ni habari. Na habari ni jibu lililovaa kanzu."

Mpinzani wake alisimama. "Mwenzangu anataka tuwe magogo. Babu zetu walifungua viganja. Mke wangu anafungua viganja. Je, anataka kusema mke wangu ni mtoa habari?"

Yule wa kwanza, kwa kuwa ameulizwa, akapandisha mabega. Upande wa pili ukashangilia kwamba amekubali, upande wake ukashangilia kwamba amekataa, na mjadala ukaendelea mpaka jua likapita dirisha la pili. Tunu alikuwa kando yangu. Kila wajumbe walipocheka alitazama mlangoni, upande wa shimo.

Hatimaye Mheshimiwa Utulivu akauliza kwa sauti nzuri, iliyopumzika: "Kuna mtu ndani ya shimo la chokaa?"

Mabega yalianza kupanda safu ya mbele, yakaja nyuma safu kwa safu, kama upepo unavyopita juu ya shamba la mtama. Wajumbe wakapandisha, makarani wakapandisha, Bi Sikitu wangu naye akapandisha huku akitazama viatu vyake. Nilikuwa nimekaa katika nchi ile siku za kutosha. Nilihisi mabega yangu yenyewe yanapata wepesi, yanataka kwenda na wenzao. Niliwakumbuka wajukuu wangu wanaonisubiri, na lango la mpakani. Sikuwa na nafasi ya maombi marefu. Nilisema moyoni, Bwana, nishike mabega.

"Yupo," nikasema.

Upepo ule ukakatika.

Mkuu alinitafuta kwa macho. "Ni nani?"

"Sijui."

Ukumbi ulinong'ona. Nadhani hawakuwa wamewahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo hadharani.

"Wako wangapi?"

"Sijui."

"Wana hali gani?"

"Sijui, mheshimiwa. Najua kuna anayegonga, kwa sababu nimemsikia kwa masikio yangu haya. Hayo mengine siyajui, na nikitaka kuyajua itabidi nichimbe."

Mheshimiwa Utulivu hakuwa mtu mkatili. Aliniinamia kama anavyoinamiwa mtoto. "Mama, umechoka bure. Kama mambo matatu kati ya manne huyajui, si ungepandisha mabega tu? Si kitu kilekile?"

"Si kilekile, baba. Nikisema sijui, unaweza kuniuliza tena kesho, huenda nitakuwa nimejua. Nikipandisha mabega, nimekufukuza."

Nadhani angetaka kusema kitu, lakini Mpandishaji, ambaye aliyazoea maswali na si majibu, alinyanyua mabega ya koti, na Mkuu akazama ndani yake hadi masikioni.

Karani mmoja mwenye sponji nene alisimama haraka. "Mdomo wa mgeni si mdomo kamili," alisema. "Ni nusu mdomo. Napendekeza tuunde kamati itakayoupima."

Wajumbe wakaitikia kwa vicheko vya nafuu. Niliona jambo linaponyoka. Hapo Tunu akasimama. Alikuwa mwenye jambo, na mwenye jambo anaruhusiwa kuuliza Baraza swali moja.

"Waheshimiwa, nauliza. Kuna sheria inayosema mdomo wa mgeni haufai?"

Kwa mazoea ya miaka yote ile, hawakuweza kufanya kingine. Karani akapandisha. Wajumbe wa viganja wakapandisha, na wale wasio wa viganja wakapandisha. Koti la Mkuu likapanda. Safu kwa safu, ukumbi mzima.

"Mabega ya wote," alisema Tunu, "ni 'hakuna'. Mmetufundisha wenyewe. Basi midomo ni miwili."

Hakusubiri wazielewe hesabu zake. Alinishika mkono tukatoka.

Ofisi ilitoa sepetu na magogo, kwa sababu sheria ni sheria. Watu walipelekwa, na waliopelekwa ni wale mafundi wa zege, maana ndio waliokuwa karibu. Mimi nilichukua karai. Kwa siku zile zilizofuata sikuwa mgeni tena. Nilikuwa mwenye jambo, na kila aliyepita alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyehukumiwa. Mgongo uliniuma mahali ambapo sikujua pana mgongo. Lakini sikuwahi kulala vizuri kama wakati ule.

Kibanga alichimba bila kusema kitu. Mzaha ulikuwa umemwishia. Mara moja tuliposimama ili tusikilize, Tunu alimgeukia akamuuliza: "Unasikia?"

Nilimwona akijikaza. Mabega yalianza safari yao. Yalifika nusu, akayashusha kwa nguvu kama mtu anayetua mzigo.

"Nasikia," alisema. Kisha, kwa hasira, kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha: "Nilisikia tangu siku ya kwanza. Leteni gogo lingine, hapa dari ni bovu."

Baada ya hapo hakusubiri kuulizwa, na mafundi wake nao walianza kuitana kwa maneno: vuta, shikilia, legeza. Watu wa mji waliokuja kutazama walibaki wamesimama mbali, kimya, mikono nyuma.

Shime alitolewa mchana. Alikuwa mweupe wote kwa chokaa, macho yamefumbwa kukwepa mwanga, midomo imepasuka. Tunu alimpa maji kwa kitambaa kidogo kidogo. Hakulia. Alisema tu, "Umechelewa kurudi," na mumewe akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Mheshimiwa Utulivu alikuwa amefika, na wajumbe wake nyuma. Labda alikuja kulifunga jambo rasmi, ili mgeni arudi kwao na zege limwagwe. Aliuliza swali la desturi, ambalo kwa desturi halijibiwi:

"Kuna mwingine ndani?"

Umati wote ulipandisha mabega, bila ubaya wowote. Hakuna aliyeona vibaya. Wachimbaji wote waliojulikana walikuwa wameonekana majumbani mwao.

"Yupo," alisema Shime.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilifika. Mkuu alidhani mgonjwa hakuelewa. Aliinama. "Pumzika, kijana. Hujui unachosema. Pandisha mabega upumzike."

"Yupo Kitojo," Shime alisema. "Kibarua wa kutoka milimani, alianza kazi asubuhi ileile. Ndiye aliyekuwa anagonga, mimi mkono wangu ulikuwa umebanwa. Yuko mzima. Nyuma ya jiwe kubwa, kushoto."

Bi Sikitu alisogea mbele. "Mbona unajibu?" alimuuliza, kwa mshangao wa kweli. "Unajua lakini kwamba sasa jambo ni lako?"

"Kule ndani ni giza, mama," Shime alisema. "Siku ya kwanza Kitojo aliniuliza kama niko hai, nikampandishia mabega. Akaanza kunililia kama maiti."

Shime aliweka kiganja chini akajaribu kuinuka, kwa kuwa jambo lilikuwa lake na alikuwa anataka kurudi ndani. Magoti hayakumbeba. Tunu alimrudisha chini, akachukua sepetu yeye. Mimi nikachukua karai langu.

Kibanga alikuwa ameshaingia kwenye mdomo wa shimo. Vumbi na kelele zilikuwa nyingi na hakuwa amesikia vizuri. Alitoa kichwa nje akaita:

"Upande gani?"

Nilifungua mdomo nijibu, lakini nilichelewa. Bi Sikitu alishasema. Mpandishaji alishasema, na mjumbe wa viganja, na mpinzani wake, na watu wale waliokuwa wamesimama mbali, ambao jina la Kitojo walikuwa wamelisikia kwa mara ya kwanza dakika ile:

"Kushoto."